Mafundo Matatu na Uzi wa Buluu

Mke wangu alikufa akiwa ameacha pazia moja halijafikishwa kwa mwenyewe.

Lilikutwa juu ya kabati, limekunjwa vizuri na kufungwa kwa karatasi ya kaki, wiki ya saba baada ya mazishi. Binti yetu alikuwa amekuja kunisaidia kufunga mizigo. Tulikwisha kukubaliana kwamba nitahamia kwake, katika mji mwingine, na Ijumaa asubuhi gari la mizigo lije, nami nikabidhi funguo za chumba. Alilikunjua pazia juu ya kitanda, akalipigapiga kwa kiganja.

"Kitambaa kizito hiki, Baba. Nikikikata napata mito minne ya sebuleni."

"Hicho ni cha mteja."

"Mteja gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kazi ya mapazia tuliifanya miaka thelathini na moja, mimi nikipima madirisha, yeye akishona. Watu walimwita Mama Pazia. Mimi walianza kuniita Mzee Futi nikiwa bado sina mvi hata moja, kwa sababu ya futi kamba ambayo haikuwa ikitoka shingoni mwangu. Kila dirisha nililolipima limo katika madaftari yangu: mteja, rangi ya mlango, ghorofa, upana, urefu, aina ya kitambaa. Yapo madaftari kumi na saba, yote kwa mwandiko mmoja. Nikayapitia yote. Pazia lile halimo.

Lilikuwa na alama ya mke wangu tu, kipande cha kitambaa kilichoshikizwa kwenye pindo, kina mafundo matatu na mshono mfupi wa uzi wa buluu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Mafundo ni ghorofa. Rangi ya uzi ni rangi ya mlango. Akiongeza kifungo, maana yake kuna mbwa. Nilikuwa nikiona haya wateja wakiviona vitu vile, lakini sikumbuki hata mara moja pazia letu kufika mlango usio wake.

Hili halikuwa na kifungo. Mlango wa buluu, ghorofa ya tatu, hakuna mbwa. Anwani ndiyo hiyo.

"Sasa Baba, utamtafutaje mtu kwa mafundo?"

"Kwa miguu."

Alinitazama kwa jicho la kuchunguza. Alikuwa akinitazama hivyo tangu msibani, kwa sababu sikulia. Watu walidhani nimejikaza kiume. Sikujikaza, hakukuwa na cha kukaza. Nilikuwa kama mkono ulioulalia vibaya: unauona, ni wako, lakini ukiugusa haukuambii kitu.

Basi Alhamisi, saa moja asubuhi, nilitoka na pazia kwapani, futi kamba shingoni, daftari la kumi na saba mfukoni na penseli sikioni. Binti yetu alikuwa amenipa siku hiyo moja. Jioni nikirudi nalo, litakuwa mito.

Sikutoka kienyeji. Nilikwisha kulipima pazia kitandani, nikatoa marinda na mapindo, nikapata dirisha lenyewe: upana mita mbili na sentimita kumi, urefu mita moja na sitini na tano. Dirisha pana sana kwa vyumba vya huku kwetu. Halafu nikaandika orodha ya milango yote ya buluu ya ghorofa ya tatu niliyoikuta madaftarini. Ilikuwa minane. Nilifikiri kwamba labda mmoja wa wateja wa zamani aliongeza dirisha, akamwagiza mke wangu moja kwa moja. Mwisho nikachora ramani ya eneo zima kwenye karatasi ya miraba, kama tulivyofundishwa shule ya usiku, nikapanga nianzie upande wa kituo cha treni, nizungukie sokoni, nimalizie kwenye maghala.

Nilidhani naujua mtaa huu. Nilichokuwa nakijua ni ndani yake. Najua ni sebule ipi ina unyevu kwenye kona ya kushoto, na chumba kipi dirisha lake limeinama upande kama mtu mwenye jino bovu. Nje sikuwahi kupaangalia. Siku za kazi mke wangu alitangulia, mimi nikafuata na mzigo, macho kwenye daftari. Sasa hakuna aliyetangulia, ikabidi nitazame. Niliona karakana wanamosuka upya viti vya zamani, viti vimepangwa barabarani bila makalio. Niliona dobi ambaye bomba lake la mvuke limetokeza ukutani usawa wa goti, na kila apitaye anaruka kidogo bila kukatisha mazungumzo. Niliona duka la vikombe vya washindi, vimejaa kioo kizima, na hakuna hata kimoja chenye jina. Yote hayo niliyaona kama mtu anayesomewa orodha ya vyombo vya jirani.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa muuguzi mstaafu, mjane, mteja wetu wa miaka kumi na tisa. Alifungua akiwa na mswaki mkononi.

"Mzee Futi! Umekuja kunipima tena? Aliyenenepa ni mimi, dirisha ni lile lile."

"Shikamoo dada."

"Marahaba, ingawa unanizeesha. Ingia."

Pazia lake, la rangi ya chai, lilikuwa limepauka kwenye mikunjo, lakini mapindo yalikuwa bado yamenyooka. Nilimweleza shida yangu. Hakuagiza kitu. Alilishika pazia jipya, akaligeuza upande wa ndani, akautazama mshono kwa muda.

"Kama mwenyewe hapatikani, niachie mimi."

"Dirisha lako lina mita moja na arobaini."

"Najua. Nilikuwa najaribu tu." Akanikalisha. "Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unalia?"

"Sijapata nafasi."

Aliniangalia jinsi wauguzi wanavyokiangalia kipimajoto. "Mimi mume wangu alipofariki, mwezi mzima nilikunywa chai nisijue kama ina sukari. Halafu siku moja nikaililia sabuni iliyoniponyoka bafuni. Sabuni, Mzee Futi! Majirani wakagonga ukuta."

Nilimshukuru, nikafuta jina lake kwenye orodha kwa mstari mmoja wa rula.

Mlango wa pili haukuwa na mtu. Wa tatu walikuwa wamehama, na waliohamia wana mapazia ya plastiki. Wa nne upo katika jengo refu lenye geti, na getini kulikuwa na mlinzi kijana wa maneno mengi.

"Mzee, unapeleka kwa nani?"

"Ndiye ninayemtafuta."

"Chumba namba ngapi?"

"Ghorofa ya tatu, mlango wa buluu."

"Nani alikuagiza?"

"Marehemu mke wangu."

Alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Ngoja nikuelewe. Umebeba mzigo, hujui wa nani, hujui chumba, na aliyekutuma hayupo duniani. Mzee wangu, nikikuruhusu, kesho tutakuwa wawili hapo nje: wewe unatafuta mlango, mimi natafuta kazi."

Nikamwonyesha kipande cha kitambaa. Akakigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo hati?"

"Ndiyo hati."

"Haina hata mhuri," alisema, lakini akafungua geti, na akaja nami mwenyewe hadi juu. Mlango niliouandika wa buluu ulikuwa wa kahawia. Walikuwa wamepaka rangi mwaka uliopita, jengo zima. Nilisimama pale na orodha yangu, nikaanza kuiona haina thamani. Milango hupakwa rangi, na mimi nilikuwa natembea na rangi za miaka kumi na tano iliyopita.

"Pole, mzee," mlinzi alisema tukishuka. "Lakini huyo mama alikuwa na akili. Mbwa aliweka nini?"

"Kifungo."

"Kifungo!" Alicheka mpaka ngazi ya mwisho. Nilisikia kicheko chake, nikajua kwamba kitu hicho kinachekesha. Ni hivyo tu.

Ilipofika saa sita na nusu nilikuwa nimeimaliza milango yote minane. Nilikaa kwenye ngazi za benki iliyofungwa, nikala mkate wangu. Simu ikaita.

"Baba, uko wapi?"

"Kazini."

"Umempata?"

"Bado."

"Jua kali, Baba. Rudi upumzike. Mama mwenyewe angekwambia urudi."

"Mama yako hakuwahi kurudi na kazi ya mtu."

"Mito nilikuwa nasema tu," alisema. "Si lazima iwe mito."

"Kama si mito, ni nini?"

Pazia lisilo na dirisha ni kitambaa.

Kilichokuwa kikinisumbua kichwani, maana kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi, ni hiki: kwa nini hakuniambia? Dirisha hili alilipima yeye. Hakuwa na futi kamba. Alikuwa akipima kwa shibiri, kwa mkono wake, jambo nililokuwa nikimwambia kila mara kwamba si kupima bali ni kubahatisha. Alikwenda peke yake, akapima kwa mkono, akashona nikiwa nimelala au nimetoka, akaficha juu ya kabati. Akanificha mimi.

Niliwahi kumfundisha kusoma. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, nami nilikuwa nimetoka kupata cheti changu cha shule ya usiku, nimekitia kwenye fremu. Nilimnunulia daftari na penseli. Kila herufi aliyoandika niliifuta, nikamwandikia iliyo sawa juu yake. Usiku wa nne nilicheka. Sikumbuki nilichekea nini, herufi fulani iliyolala kifudifudi. Alilifunga daftari taratibu, akasema, "Basi. Mimi nitashona, wewe utaandika." Akaweka sufuria ya moto juu yake, na tangu siku hiyo likawa la kuwekea sufuria.

Saa nane nilikuwa sina mpango. Nilitazama tena ule mshono wa buluu, nikawaza kwamba hata buluu yenyewe ziko nyingi, na pengine muuza nyuzi angeweza kuniambia hii ni ipi. Duka la nyuzi la mke wangu lilikuwa mwisho wa barabara ya maghala. Alikuwa akienda kila Jumanne na Alhamisi mchana, anarudi jioni na rili moja ya uzi. Nilikuwa nikimtania, "Unashonea jeshi?" Naye anajibu, "Jeshi lenyewe mtu mmoja." Asubuhi nililipita duka hilo mara mbili bila kusimama.

Muuza nyuzi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliushika ule mshono, akausogeza kwenye mwanga.

"Huu wa kwangu. Namba arobaini na mbili. Alinunua Mama Pazia. Mbona siku hizi haonekani?"

Nikamwambia.

Alivua miwani. "Pole sana, mzee. Pole. Sisi tulidhani amesafiri. Uzi huu alikaa saa nzima akichagua, anatoka na rili, anailinganisha na mlango, anarudi, anachukua nyingine. Nikamwambia, Mama, huo mlango hauolewi. Akasema, we acha."

"Mlango upi?"

"Huu wa ubavuni hapa. Si ndiko alikokuwa anapanda? Kila Jumanne na Alhamisi. Rili moja, halafu anapanda zake juu."

Nilitoka. Ubavuni mwa duka kulikuwa na mlango mwembamba, wa buluu, rangi imebanduka chini kwa mateke ya watu. Haukuwa na kibao. Kwenye ramani yangu jengo hilo nilikuwa nimelipiga mstari na kuandika: maghala, hakuna wakazi.

Nilipanda hadi ghorofa ya tatu. Kulikuwa na mlango mmoja tu, na kijidirisha kimoja kilichofungwa kwa gazeti. Kupitia upenyo niliona maboksi yamepangwa hadi darini. Nililipima lile dirisha, maana nisingeondoka bila kulipima: mita moja na ishirini. Hakuna pazia la mita mbili na kumi linaloingia hapo. Nikakaa kwenye ngazi.

Sikuwa na hasira wala huzuni. Niliwaza kwamba nishuke, nimpe binti yetu mito yake. Nikaanza kupapasa mafundo kwa kidole, moja, mbili, tatu, kama alivyokuwa akifanya yeye gizani kwenye ngazi zisizo na taa, mimi nikiwa nyuma na mzigo. Na ndipo nilipokumbuka ugomvi wetu wa zamani kuliko wote.

Mimi nahesabu ghorofa kama fundi mchoraji. Sakafu ya chini ndiyo ya kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyoandika katika madaftari yote. Yeye hakukubali. "Pale chini sijapanda kitu," alikuwa akisema. "Magoti yangu yanaanza kuhesabu yanapoanza kuuma." Kwake ghorofa ni ngazi ulizozipanda. Nilimwambia mara mia kwamba anakosea moja. Hatukupotea hata siku moja kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia, na mimi nikadhani tunafuata daftari.

Tangu asubuhi nilikuwa nimebisha hodi ghorofa moja chini ya pazia.

Nikasimama, nikapanda ghorofa moja zaidi.

Juu kulikuwa na chumba kimoja kirefu, mlango wazi. Watu wazima wapatao kumi na wawili, wengi wao wanawake, walikuwa wamebanana kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa watoto, magoti yamegusa videvu. Mbele ubaoni alisimama mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye chaki hadi viwikoni. Kushoto kwao lilikuwapo dirisha. Sikuhitaji kulipima. Jua la saa tisa liliingia kupitia dirisha hilo, likalala ubaoni, na nusu ya maneno yaliyoandikwa pale ilikuwa haionekani.

Mwalimu aliniona, akaona karatasi ya kaki. "Karibu, mzee."

"Naleta pazia," nikasema.

Darasa zima likageuka. Mama mmoja mnene wa dawati la nyuma, mikono yake imekunjamana kwa maji ya kufulia, akapiga paja. "Huyu ndiye Mzee Futi! Si mnaiona hiyo futi shingoni? Mwenzetu hakutudanganya, analala nayo!"

Wakacheka. Halafu mmoja akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" na kicheko kikaisha chenyewe, mmoja mmoja, kabla sijajibu. Nikajibu.

Mwalimu aliniletea kiti. Alinieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Mke wangu alisoma pale miaka miwili. Alikaa dawati la dirishani. Alichoshwa na jua kufuta ubao kila ifikapo saa tisa, akasema atalinyamazisha, akapanda juu ya dawati akalipima dirisha kwa mkono, shibiri kwa shibiri, darasa likimhesabia kwa sauti. Wiki mbili baadaye hakuja.

"Alituomba tusimwambie mtu," alisema. "Alisema anaandaa jambo."

Yule mama mnene, ambaye ni dobi, na mwenzake walipanda kwenye madawati, wakalitundika. Fimbo ilikuwa tayari imepigiliwa ukutani, inangoja. Nilisimama chini, nikaelekeza kushoto kidogo, kulia kidogo, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Lilikaa. Nilitoa futi kamba nikakagua pande zote mbili. Lilizidi dirisha kwa upana wa vidole viwili huku na vidole viwili kule, sawasawa, kama ninavyotaka mimi. Ubao ukaonekana wote.

Mwalimu akaniletea daftari la mke wangu. Jalada jekundu, limefungwa kwa uzi namba arobaini na mbili. Kurasa za mwanzo ni herufi, halafu maneno, halafu majina ya vitambaa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari tisa, herufi kubwa, zimesimama wima kama watu waliopanga foleni. Iliandikwa hivi:

"Mume wangu alisoma shule ya usiku. Anaandika madirisha yote. Akiona kosa lazima alisahihishe. Simwambii kwanza. Nikiweza kuandika ukurasa mzima bila kosa nitaweka juu ya mesa akiamka asubui. Nitakaa pembeni nimwangalie anavyotafuta kosa."

Ukurasa ulibaki nusu. Makosa yalikuwa mawili.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuichukua penseli sikioni. Nilishangaa kuiona kati ya vidole, ncha yake juu ya neno. Darasa zima nalo lilikuwa linanitazama. Niliirudisha sikioni. Nilingoja nione kama kuna kitu kitakuja, machozi au chochote. Hakikuja. Nilisikia tu pete za pazia zikigongana kwa upepo.

"Naweza kulichukua?" nikauliza.

"Ni lako, mzee."

Halafu nikafanya tulichokuwa tukifanya kila tunapomaliza kazi. Nilifungua daftari langu la kumi na saba, nikapiga mstari chini ya dirisha la mwisho, nikaandika. Mteja: darasa la juu ya duka la nyuzi. Mlango: buluu. Upana: mita mbili na kumi. Urefu: moja na sitini na tano. Aliyepima: mke wangu, kwa mkono. Kwenye nafasi ya ghorofa penseli ilisita. Miaka thelathini na moja ya madaftari inasema ni ya nne. Nikaandika: ya tatu. Mwalimu akatia sahihi.

Mama dobi alinisindikiza hadi mlangoni. "Mzee Futi, ukiondoka usitusahau. Na hilo daftari usije ukalisahihisha, nakujua."

"Hunijui."

"Nakujua kuliko unavyodhani. Miaka miwili tunasikia habari zako Jumanne na Alhamisi."

Nilishuka nikishika ukuta, daftari jekundu likiwa kwapani mahali pazia lilipokuwa. Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi bila kuhisi miguu. Kwenye ngazi za kwanza goti la kulia likaanza kuuma, kwenye za pili likafuata la kushoto. Nilisimama katikati ya ngazi za tatu nikayasikiliza. Yalikuwa yanauma sana. Nikasimama hapo hapo, sikuyakanda, niliyaacha yaendelee.

Simu ikaita mfukoni.

"Baba, vipi? Umelifikisha?"

"Nimelifikisha," nikamwambia. "Ghorofa ya tatu, kama alivyosema."